Kwale Aliyefika Turiani na Tui la Nazi

Tangu nirudi mnaniuliza, na kila mkiniuliza naangalia chini na kuchora udongo kwa kidole cha mguu. Mnanijua. Maneno yangu hayapendi kutoka mbele ya watu. Kwa hiyo nimeyaandika. Nilianza wakati karoti zinachipua, na leo tumeshazipunguza, basi mjue kwamba kila mstari hapa nimeukalia.

Wengine mnasema nilimlisha mama mdogo mwiko wa ukoo. Wengine mnasema nilikwenda kumshitaki mjomba kwa wataalamu. La kwanza ni kweli, ila halikutokea mnavyolisimulia. La pili si kweli, lakini kama ingebidi, ningekwenda. Someni hadi mwisho ndipo mniseme.

Kabla sijashuka

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alinifundisha kwamba huku kwetu Mgeta kuna kwale wa aina mbili. Wa kwanza ni yule wa mashambani, anayepiga kelele asubuhi kama amefiwa, na dume lake lina kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu anaopigania kama jogoo. Huyo tunamla. Wa pili yuko ndani ya msitu, juu, penye ukungu. Ni mdogo, mdomo mwekundu, kifua cha mistari, na anatembea na wenzake wakipekua majani makavu bila kusema neno. Dume lake halina kipi. Huyo bibi alimwita kipekua, na ukoo wetu hatumli. Ukimkuta kwenye mtego ukamkuta hai, unamfungua. Ukimkuta amekufa, unamfukia kwa majani na kuondoka. Aliyemuua au kumla meno humng'oka, na hali chungu kimoja na ndugu zake mpaka alipe kuku mweupe mbele ya ukoo.

Mwaka jana walikuja wale wataalamu wa ndege watatu, mnawakumbuka. Mkubwa wao tulimwita Dakta. Mjomba Anselmi, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, aliwapeleka msituni siku tatu, yeye na mbwa wake, huku akiwasimulia habari za ujana wake kwa sauti ile yake. Mimi nilikuwa nawapikia magimbi. Siku ya tatu jioni Dakta alifungua daftari akasema, "Mzee, yule kwale mdogo wa msituni hapa kwenu hayupo." Akaandika.

Nilikuwa nimeshika sufuria. Mimi nilikuwa nimemwona kipekua wiki ileile, saba kwa pamoja, wakivuka kijito. Nilifungua mdomo, kisha nikaona macho sita ya wageni na mawili ya mjomba yananitazama, nikauliza kama wanataka chumvi.

Hilo ndilo kosa langu, na mengine yote yametoka humo. Maana wageni walipoondoka mjomba alitangaza kanisani baada ya misa: "Wataalamu wamesema hayupo. Mwiko wa kitu kisichokuwepo ni mwiko gani? Kwale ni kwale." Akachukua waya za breki za baiskeli, akasuka vitanzi, akavitega ukingoni mwa msitu. Vijana wa ukoo wakamfuata.

Mwezi wa pili baada ya hapo nilikwenda kuokota kuni nikamkuta kipekua kwenye kitanzi cha mjomba, amekufa, bado ana joto. Nilipiga magoti nianze kumfukia. Nikasimamisha mkono. Niliwaza kwamba nikimfukia huyu, nafukia ushahidi, na kesho atanaswa mwingine. Nikamtia kwenye khanga.

Nyumbani nilimtoa matumbo na kuona kwa macho yangu kwamba ni dume. Nikamjaza majivu na chumvi, nikamtundika juu ya jiko siku nne. Hivyo ndivyo tunavyotunza nyama, na sikujua njia nyingine. Mwalimu wa parokiani aliniambia Dakta yuko kambini Turiani, kwenye milima ya upande ule, mwezi mzima. Nikamfunga kipekua kwa jani la mgomba, nikamweka chini ya kikapu, juu yake njegere. Mama nilimwambia nakwenda kumsalimia mama mdogo Yustina mjini. Huo haukuwa uongo. Ulikuwa nusu.

Nyandira, juu ya kabichi

Nilishuka kwa miguu hadi Nyandira kabla jua halijapata nguvu, nikapata nafasi kwenye lori la kabichi. Tulikaa juu ya mzigo, mimi, mama mmoja mchuuzi wa vitunguu, na vijana wawili. Utingo alikuwa anaitwa Shomari, kijana mwembamba mwenye mdomo usiopumzika.

Hatujafika mbali akaanza kunusa.

"Dada wa kikapu," akasema, "humo ndani kuna nini? Kama ni marehemu tuambie, tumfukizie ubani."

Wote wakacheka. Mimi nilikumbatia kikapu.

"Mwache mwenzio," mama wa vitunguu akasema. "Huoni majivu kwenye jani? Mtoto wa milimani huyo. Hiyo ni dawa."

Kicheko kikakatika. Mmoja wa wale vijana akasogea. Kisha mwingine. Baada ya kona mbili nilikuwa na upande mzima wa lori peke yangu, na kabichi laini za kuegemea, na hakuna aliyenigusa hata gari liliporuka. Sijawahi kusafiri vizuri namna ile.

Chini ya Langali tulikwama. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha njia, na gurudumu la nyuma likazama hadi katikati. Tuliteremka. Dereva alitukana tope, tope likamrukia. Tulikaa pale mpaka mchana ukapita, tukila karoti mbichi na pichi za mama wa vitunguu, na kila gari lililotoka chini lilisimama, likatupa ushauri, likarudi lilikotoka.

Shomari alikuja akachutama mbali kidogo na mimi. Sauti imeshuka.

"Dada, utani ule nisamehe. Mguu wangu huu, unauona? Unaniuma tangu Idi. Hospitali wamenipa vidonge, wapi."

"Si dawa," nikasema. Hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza tangu Nyandira. "Ni kwale."

"Sawasawa." Akatikisa kichwa kama mtu mwenye adabu. "Hata mganga wa kwetu huwa hasemi ni nini."

"Kweli ni kwale. Amekufa."

"Usinieleze, dada. Ukinieleza itapoteza nguvu."

Akachovya kidole kwenye majivu ya jani, akajipaka gotini, akarudi kusukuma. Gari likatoka. Mimi nadhani lilitoka kwa sababu ya mawe tuliyopanga chini ya gurudumu. Shomari hakubali mpaka leo, na mkishuka naye mtamsikia.

Kilakala, kwenye chungu

Mama mdogo Yustina ni wa mwisho kuzaliwa kwa bibi, mdogo wake mama na mjomba Anselmi. Anakaa Kilakala, nyuma ya shule ya wasichana, na anakaanga maandazi ambayo harufu yake inakuongoza nyumbani kwake hata kama hujui njia. Nilifika jioni nikiwa na tope hadi magotini.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu! Leokadia! Mbona umekonda? Mama hajambo? Lete, lete hicho kikapu, mgeni hasimami na mzigo mlangoni. Maji haya hapa, nenda kaoge."

Ninyi mnajua adabu yetu. Mtu hashuki kutoka mlimani mikono mitupu, na mwenyeji hamwachii mgeni kikapu. Nilimpa. Mikono yangu ilimpa kabla kichwa hakijafikiri. Bafuni nilisugua tope taratibu, nikifurahia maji ya uvuguvugu, na ndipo nikasikia nazi inakunwa.

Nilitoka mbio na khanga iliyolowa. Kwenye chungu njegere zilikuwa zinachemka ndani ya tui, na katikati yake mapaja mawili madogo.

"Umenikumbuka, mwanangu!" Mama mdogo alikuwa anatabasamu, mwiko wa kupikia mkononi. "Kwale wa moshi! Tangu niolewe sijamwonja. Nimeonja kipande kidogo cha kifua kuangalia chumvi, mmh, hapo bibi yako angefurahi."

Nilisimama. Mumewe, Baba Fredi, ambaye ni mtu wa Kilosa na si wa ukoo wetu, alikuwa ameshanawa.

"Mama mdogo," nikasema, "huyo ni kipekua."

Alicheka kwanza. Kisha akaniangalia usoni, akaweka mwiko chini.

"Acha mzaha. Nani wa ukoo wetu angeleta kipekua kwenye kikapu?"

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, nikianzia mwisho, lakini alielewa. Alikwenda jalalani akarudi na miguu miwili aliyokuwa ameikata, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa laini. Haina kipi.

"Ni jike," akasema haraka. "Jike la kwale halina kipi. Wa shambani huyu, jike, basi. Kwenye moshi ndege wote huwa weusi. Hujui, mtoto wewe."

"Ni dume. Nilimwona ndani."

"Uliona nini?"

Yeye amechinja kuku maisha yake yote, anapikia sherehe za watu. Alichukua kijiko mwenyewe, akatafuta kwenye tui, akatoa mgongo. Akaufungua kwa vidole, ungali moto. Zikiwa zimebanana na uti wa mgongo kulikuwa na mbili kama maharage madogo, zile za kiume ambazo kila mpishi anazijua kwa jogoo. Mimi nilikuwa sijazitoa.

Dume, bila kipi.

Mama mdogo alikaa kwenye kigoda. Ulimi wake ulipita juu ya meno, moja moja.

"Samahani," akasema Baba Fredi, "huo mwiko ni wa kwenu, si ndiyo? Mimi haunihusu?"

Mama mdogo alifuta vidole kwenye khanga.

"Basi nipitishieni lile paja."

Nakiri kwamba alikula vizuri. Sisi tulikula ugali na chumvi.

Asubuhi mama mdogo alikuwa jikoni lakini hakukuwa na maandazi. Alizungumza akiwa amenipa mgongo.

"Nisikilize Leokadia. Kaka amesema kwale ni kwale. Ukikubaliana naye, mimi sijala kitu. Ukienda huko ukasema ni kipekua, mimi ni mtu aliyekula mwiko, nitasimama mbele ya ukoo mzima kama mtoto aliyeiba sukari. Mimi, mke wa mtu. Rudi nyumbani."

Nilichora sakafu kwa kidole cha mguu. Nilitamani kukubali. Nawaambia ukweli, kwa dakika nzima nilikuwa nimekubali. Kisha nikamkumbuka Dakta na kalamu yake, na mimi nikiuliza habari za chumvi.

"Mwaka jana nilinyamaza," nikasema. "Sitanyamaza tena, mama mdogo. Hata kwa ajili yako."

Hakugeuka. Nilikwenda jalalani mwenyewe. Kichwa kilikuwa kimechukuliwa na paka, lakini manyoya yalikuwepo, yamelowa na yananuka maji ya moto. Niliokota hata lile dogo kabisa. Nikachukua miguu miwili, nikachukua mgongo kutoka kwenye sahani, nikauosha na kuutia chumvi upya, nikafunga vyote kwenye kitambaa cha unga. Niliaga mlangoni.

Msamvu hadi Turiani

Stendi ya Msamvu sitaieleza, mnaijua: kila mtu anakuvuta mkono kukupeleka usikokwenda. Nilipanda basi la Turiani nikakaa dirishani na furushi langu mapajani.

Tulipoacha barabara kubwa kule Dumila kila kitu kilikuwa bapa na kijani, mpunga hadi macho yanachoka. Mimi sijazoea nchi isiyo na mteremko. Nilikuwa naona kama tutaanguka kutoka ukingoni.

Tukakuta njia imezibwa. Tela la miwa lilikuwa limelala ubavu, miwa imemwagika barabarani kutoka mtaro hadi mtaro. Dereva alizima injini. Abiria waliteremka wakaanza kusaidia kuiondoa, na mtanisamehe nikisema kwamba nusu ya msaada iliishia midomoni. Mzee mmoja mwenye panga, mkata miwa, alinipa kipande kilichomenywa.

"Kula binti. Unatoka wapi?"

"Mgeta."

"Unakwenda kwa nani?"

"Kwa mtu wa ndege."

"Turiani hakuna uwanja wa ndege, binti. Wamekudanganya. Ni mchumba?"

Nilisema ni ndege wa porini. Akasikitika zaidi. Akamwita mkewe kutoka upande wa pili wa barabara, akamweleza kwa sauti kwamba kuna binti wa Mgeta ametapeliwa na rubani. Mke akanikalisha kibandani kwao, akanipakulia wali na kambale, akaniambia wanaume wote ni walewale, nirudi kwa mama yangu. Nilijaribu kueleza mara mbili. Mara ya tatu nilikula tu. Wali wa kule una harufu nzuri kuliko maelezo.

Njia ilipofunguka mama yule alinishika mkono akasema, "Ukimwona, mtazame usoni, usitazame chini." Ushauri ulikuwa wa jambo lisilokuwepo, lakini niliuchukua.

Kambini

Kutoka Turiani nilipanda pikipiki hadi mwisho wa miwa, kisha nikapanda kwa miguu. Nilipoingia kwenye baridi ya miti nilipumua kama mtu aliyerudi kwao.

Dakta alikuwa ameketi kwenye turubai akipima mbawa za ndege mdogo. Aliinua uso.

"Si wewe uliyetupikia magimbi?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Umetoka kule mpaka huku? Kuna nini?"

Nilifungua kitambaa. Niliacha vitu viseme. Aliachia yule ndege mdogo akaruka, akavuta karatasi nyeupe, akaanza kupanga. Manyoya ya mkia hapa, ya kifua hapa, yenye mistari. Miguu akaishika kwa koleo ndogo, akaigeuza kama alivyoigeuza mama mdogo, mlangoni, na uso wake ukawa ule ule.

"Nani kaichemsha?"

"Mama mdogo wangu. Kwa bahati mbaya."

Akanusa ule mgongo. Akanusa tena. "Ni nazi?"

"Na njegere."

"Nimeletewa sampuli nyingi katika kazi hii," akasema, "lakini yenye tui, hii ni ya kwanza." Akacheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka. Alipoona hivyo akaacha, na nikampenda kwa hilo.

Alinieleza taratibu. Kwale mdogo wa msituni asiye na kipi anajulikana Udzungwa, na nduguye yuko Rubeho, na jamaa zao wa karibu wako mbali kabisa, Asia. Huku kwetu Uluguru hajawahi kuandikwa. Ili kumwandika anahitaji ndege mzima, ngozi yake, au picha nzuri, au majibu ya maabara. Ataupeleka mguu mmoja maabara, lakini vitu vilivyochemshwa havitoi majibu kwa urahisi, na itachukua muda mrefu.

"Kwa sasa," akasema, "naweza kuandika kwa penseli, pembeni, kwamba kuna taarifa ya mwanakijiji. Haijathibitishwa."

Akachukua penseli.

Hapo ndipo nilipomtazama usoni.

"Dakta," nikasema, na sauti ilikuwa yangu lakini sikuitambua, "mwaka jana ulikuja siku tatu. Ulikwenda na mbwa. Ulikwenda na mjomba anayeongea. Ulikaa unasubiri uimbiwe, na huyu haimbi. Hukumwona, ukaandika hayupo, kwa wino. Mimi nimemwona tangu nikiwa mgongoni kwa bibi, nimembeba, nimeshinda kwenye tope, nimekosana na mama yangu mdogo. Kutoona kwako ni kwa wino. Kuona kwangu ni kwa penseli?"

Wenzake wawili walikuwa wameacha kazi zao. Nilisikia uso wangu unawaka. Lakini sikuangalia chini.

Dakta aliweka penseli chini. Kisha akainuka, akaenda kwenye sanduku, akaleta daftari la mwaka jana. Akalifungua mahali penye Mgeta. Akanionyesha: hayupo. Akachukua kalamu ya wino, akakata neno lile kwa mstari mmoja, juu yake akaandika: hatukumwona. Chini akaandika jina langu lote, na mambo niliyomwambia: mdomo, kifua, kimya, kundi la saba, dume bila kipi. Kwa wino.

"Sijaandika yupo," akasema. "Hilo siwezi, na usinichukie. Lakini hayupo lilikuwa kosa langu. Nilichokuwa na haki ya kusema ni kwamba sikumwona."

Alininakilia kwenye karatasi, akatia sahihi. Akasema kiangazi atakuja tena, bila mbwa.

"Na bila mjomba," nikasema.

"Huyo utamzuia wewe."

Kupanda tena

Nilifika Kilakala nikikusudia kupita tu. Mama mdogo alikuwa kizingitini amevaa gauni la kanisani, na chini ya kwapa ana kuku mweupe.

"Meno yangu nimeyahesabu kila asubuhi," akasema bila salamu. "Yote yapo. Lakini usingizi haupo. Mama yangu alinifundisha yule ndege kabla hajanifundisha Baba Yetu. Nikinyamaza, nitakuwa nimemla, kisha nimemfuta. Twende."

Baba Fredi alitusindikiza hadi kituoni. Akauliza kama kule mlimani kuna mapaja mengine. Mama mdogo alimpa jibu ambalo siandiki.

Jumapili ukoo ulikaa uani kwa mjomba, wengine mlikuwepo ukutani mkichungulia. Nilitoa karatasi ya Dakta. Mjomba aliisoma kimoyomoyo, halafu kwa sauti, halafu akaikunja.

"Hatukumwona," akasema. "Haya. Imeandikwa yupo? Leokadia, nionyeshe hapa palipoandikwa yupo."

Hapakuwepo.

"Basi. Umekwenda mpaka Turiani kunitafutia neno nililokuwa nalo." Watu wakacheka kidogo. "Hamjamwona ninyi, hawajamwona wao. Kwale ni kwale."

Mama mdogo akasimama. Akamweka kuku mweupe miguuni pa mjomba, amefungwa.

"Kaka, shikamoo. Mimi Yustina nimekula kipekua. Nimekula kipande cha kifua, kwa kutojua. Huyu ndiye kuku wangu. Nipokee."

Kuku alipiga mbawa mara moja vumbini.

"Simama vizuri, Yustina," mjomba akasema. "Umekula kwale tu."

"Nimekula dume lisilo na kipi. Mgongo wake nimeufungua kwa mikono hii. Wewe ndiye mkubwa, ukikataa kuku wangu, sawa, nitarudi naye Kilakala. Lakini kila atakayeng'oka jino katika ukoo huu, kila mtoto atakayeugua, watakuja kwako kuuliza kwa nini ulimkataa."

Shangazi wa babu, yule kikongwe asiyesikia vizuri, akauliza kwa nguvu, "Anakataa kuku wa mwiko? Anselmi anakataa?" Wanawake wakaanza kuguna. Mnajua miguno yetu. Hakuna mwanamume anayeistahimili kwa muda mrefu.

Mjomba aliinama. Akashika kuku kwa miguu, akamnyanyua. Yaani amempokea. Na kwa kumpokea, alikuwa amesema lile neno ambalo Dakta hakuweza kuliandika.

Nilidhani imeisha. Mama mdogo alikuwa bado amesimama.

"Asante kaka. Na kipekua huyo alikufia kwenye kitanzi cha nani?"

Mjomba akaniangalia. Nilimwangalia.

"Chako, mjomba," nikasema.

"Basi kuku wangu ndiye huyo," mama mdogo akasema. "Wako yuko wapi?"

Mlimwona mkubwa wa ukoo akimkimbiza jogoo wake mweupe kuzunguka banda, na hakuna kijana aliyethubutu kumsaidia. Mimi pia nilipewa adhabu, kwa sababu sikumfukia, na niliikubali: nipande msituni na manyoya aliyonirudishia Dakta, niyafunike kwa majani mahali nilipomkuta. Niliyafunika. Nilipokuwa nimechutama hapo nilisikia majani makavu yanapekuliwa upande wa pili wa kijito. Sikuinua kichwa kuhesabu. Sikuwa na haja ya kumthibitishia mtu.

Nikapita ukingo wote wa msitu kufungua vitanzi. Mjomba alinikuta kwenye cha nane. Sikuacha. Aliinama akaanza kufungua kutoka upande wake, bila maneno, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona mjomba msituni akiwa kimya.

Majibu ya maabara bado. Lakini mlikuwa mnaniuliza pia kwa nini kamba yangu ya kuanikia nguo imeungwaungwa kwa waya za breki za baiskeli. Ndizo hizo. Ziko ishirini na tatu, na zinashika blanketi zima lililolowa bila kulegea.